Wapangaji

Gabrovo, Januari, mwaka kiwanda kilipouza nusu ya mitambo.
Chumba cha kompyuta kilikuwa ghala la sufu,
bado kinanuka kondoo.
Zdravka alisukuma diski, akafunga kilango,
mashine ikakohoa mara mbili,
kisha herufi moja, mshale, na kistari kinachopepesa.
"Inangoja," akasema. "Haijui lolote ila kungoja.
Maneno ni yako."

Usidhani diski ni sanduku, Ralitsa.
Ni jengo la wapangaji.
Duara ndani ya duara, kila duara limekatwa vyumba,
baiti mia tano na kumi na mbili kila kimoja;
mwenye neno moja na mwenye hotuba
wote hulipia chumba kizima.
Mlangoni pana daftari: nani anakaa wapi,
na chumba kikimjaa anaendelea kipi.
Faili moja yaweza kulala kichwa huku,
miguu upande wa pili wa jengo.
Daftari likichanika, nyumba imejaa watu
na hakuna mtu nyumbani.

Nikajifunza na mpangilio wa vidole.
Kila kitufe kilivaa herufi mbili, ya kigeni nyeupe, ya kwetu nyekundu,
na ile Ж, mdudu wa miguu sita,
ilipewa hifadhi kwenye kitufe cha V
kama shemeji aliyekuja kwa wiki moja.

Jumatatu mkurugenzi akaagiza: futa vitu vya Zhechko,
tunahitaji nafasi.
Zhechko, mchoraji wa nakshi za blanketi,
tuliyemzika Novemba kwenye tope.
Nikafuta. Neno moja, kitufe kimoja.
Hata mashine haikukohoa.

Zdravka hakunifokea.
"Kufuta si kufukuza," akasema.
"Umekwangua herufi ya kwanza ya jina lake mlangoni.
Mwenyewe bado yumo,
mpaka aje mpangaji mwingine.
Ulihifadhi nini baada yake?"
"Mishahara."
Akanyamaza.

Kutoka mkobani alitoa diski iliyofungwa kwa karatasi ya mkate,
programu aliyonakiliwa na mpwa wake wa Plovdiv.
Kioo kikatupa alama ya kuuliza, na nyuma yake: ЕЧКО.
Kisha swali:
herufi ya kwanza ya jina?

Miaka kumi na tisa meza zao zilitazamana.
Nani alizipanga hivyo, sikuwahi kuuliza.
Kidole chake kilielea juu ya kibodi
kama cha mtu anayetafuta kengele gizani,
ilhali mlango anaujua.
Akabonyeza mdudu.

Blanketi likashuka kiooni mstari kwa mstari,
nukta ni nyeupe, X ni nyekundu,
pembe ikazaa pembe, almasi ikaanza kufumba,
na kwenye mstari wa arobaini na moja, katikati ya almasi:
Angelova, leva elfu moja mia tisa.
Bakalov, leva elfu mbili na arobaini.
Boneva, likizo ya uzazi.

Nilitaka kusema pole. Nikasema, "Tukate hapa?"
Printa ililia dakika nzima,
nakshi na mishahara kwenye karatasi moja.
Akaikunja pale almasi inapoishia,
akaupitisha ukucha kwenye mkunjo,
hakukata.