Chumba Namba Tisa, Masaka

Bango lilikuwa juu ya kengele ya mapokezi,
kwa Kiingereza, na chini yake kwa Kiganda,
ili asiwepo wa kujitetea:
WANYAMA HAWARUHUSIWI.
Nililisoma. Sitasema sikuliona.
Nililisoma huku kapu langu likipumua.

Ndani, chini ya kawa niliyoifuma mwenyewe Bombo,
alikuwemo Sumni, paka wa kijivu,
sikio moja limechanika, mkia umejaa maringo.
"Na hilo kapu, mama?"
"Chakula cha njiani," nikajibu,
na wala sikudanganya sana,
kila kiumbe ni chakula cha mwenzake.

Usiku nikafungua mahakama na dari.
Nimelipa elfu arobaini, nikasema.
Mjusi yule ukutani ana risiti?
Mbu hawa walipiga hodi kwa nani?
Kunguni wa godoro hili
waliandikishwa katika daftari gani?
Mwanangu yuko Doha, anapiga simu Idi hadi Idi.
Huyu ndiye ajuaye nilivyolala mwaka huu,
na siku nisizolala.
Nimwache stendi, kwenye maganda ya mahindi,
kwa sababu ya kibao?

Nikashinda kesi.
Wakili mimi, hakimu mimi,
na mshtakiwa anaramba kucha juu ya mto wa hoteli.

Ilikuwa Novemba, na Masaka mwezi huo hailali.
Saa nane umeme ukarudi,
mabati ya wategaji yakawaka mlimani
na senene wakaja, mvua ya kijani inyeshayo kwa ubavu.
Mmoja akapenya dirishani.
Hapo Sumni akakumbuka kwamba yeye si mzigo.
Pazia, birika, kiti, mlango,
mlango niliousahau wazi niliporudi msalani.

Nikamfuata peku, kanga moja,
nikinong'ona jina lake ukumbini
kama mtu aliyeangusha sarafu gizani.

Nilimkuta chumba cha kufulia,
juu ya mashuka yaliyokwisha pigwa pasi,
mguu wa senene ukining'inia mdomoni.
Na mbele yake, juu ya dumu la maji, dobi.
Nakiganda. Jina nililijua baadaye.
Hakupiga kelele. Hakuwa na pumzi ya kupigia.
Mabega yalipanda, yakashuka,
kifua kikalia filimbi
kama birika lililosahauliwa jikoni.
Akatoa kidude cha buluu mfukoni mwa aproni,
akakitikisa, akavuta, akaizuia pumzi.
Nami nikahesabu. Sijui kwa nini nilihesabu.
Kumi.

"Siwachukii," alisema ilipomrudia sauti.
"Kwetu Kyotera tulikuwa nao watatu,
mmoja nililala naye mpaka nikaolewa.
Kisha kifua kikakataa.
Bango lile bosi aliliweka nilipotoka kulazwa.
Alitaka aandike jina langu.
Nikamwambia, nani atasimama kusoma jina la dobi?
Andika wanyama."

Sikuwa na la kusema.
Kesi yangu yote, na mijusi yake, na kunguni wake,
haikuwa imemwita shahidi huyu.

Nilimbeba Sumni hadi uwani, penye kuni,
tukakaa humo na baridi mpaka basi la kwanza,
senene wakinigonga usoni,
yeye akila, mimi nikimtazama akila.
Mashuka niliyaomba niyafue. Akakataa:
"Utanifulia na kesho?"

Msidhani nimeongoka.
Paka ninaye, safari ninazo,
na mbao za hoteli ni nyingi kuliko jamaa zangu.
Ila nilipofika Kabale, kabla sijatua kapu,
nilimuuliza kijana wa mapokezi:
"Hapa nani anafua?"
Akanitazama kwa muda,
kisha akatazama kapu.