Wageni wa Veikko

Kompyuta ilikuja na kila kitu ndani yake:
kikokotoo, daftari, kalenda, albamu ya picha,
kama nyumba ya kupanga yenye vijiko tayari kwenye droo.
Mimi ningehamia siku hiyohiyo.
Baba alizunguka vyumba vyote, akafungua, akafunga,
akauliza: "Vijiko vya nani hivi?"

Oulu ilikuwa na theluji hadi dirishani.
Miaka thelathini na mmoja alipima magogo kiwandani
na hakuwahi kutumia rula ya kampuni.
Alikuwa na yake, ya mbao,
alama zake amezichonga mwenyewe.

Basi wageni wakaanza kuingia, mmoja mmoja.
Kikokotoo cha mwalimu wa hesabu wa Brno,
kisichofuta: kila jumla hubaki kwenye ukanda mrefu,
makosa yako yakikutazama tangu Jumatatu.
Daftari la ndugu wawili wa Valdivia,
jeupe, halina kitufe hata kimoja.
Na kalenda ya Dzintra, wa Liepāja.
Alilipa euro sita, akaandika barua ya shukrani,
naye akajibu.
Nani hujibiwa na kalenda?

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Lakini wenyeji wa mashine ile hawakutaka kupona.
Kila sasisho liliamka na swali lilelile,
kwa upole wa karani wa benki:
Je, ungependa kurudi kwenye programu inayopendekezwa?
"Inapendekezwa na nani?" aliiuliza skrini.
Hapana. Akabofya.
Kivinjari kilichozaliwa nayo hakikufutika,
kilikaa kama mjomba aliyekuja arusini akasahau kuondoka.
Baba alikizika kwenye folda aliyoiita Ghalani.

Tuligombana, sikufichi.
Nilimwambia: unapoteza Jumapili nzima
ukitafuta cha kufungulia picha,
na cha kufungulia kipo hapo, bure.
"Bure," alisema,
kama mtu anayetema mwiba wa samaki.

Mwaka jana mkono wake wa kulia ulilala
na haukuamka.
Yuko kwenye nyumba ya wazee, Tuira,
dirisha linatazama mto
lakini macho hayafiki mtoni.
Aprili ilipofika aliuliza neno moja:
"Barafu?"

Nikawasha mashine yake nijiandae kumwandikia tarehe.
Kalenda haikufunguka.
Sasisho la usiku lilikuwa limemtoa mgeni nje,
na kalenda ya mwenyeji ilisimama mlangoni, imenyoosha nguo,
haijui kusoma hata mstari mmoja wa faili lake.
Miaka kumi na minne ya barafu,
na ufunguo uko Liepāja.

Niliandika. Sikutegemea.
Siku ya tatu: "Wewe ni binti wa Veikko wa barafu?
Ile safu nilimtengenezea yeye tu,
hakuna mwingine aliyewahi kuiomba.
Siku hizi nafuga nyuki. Lakini subiri."
Akatuma toleo jipya, lenye mtumiaji mmoja duniani.

Barafu imekatika, 29 Aprili, saa nane mchana.
Barafu imekatika, 3 Mei, kwa kishindo.
Barafu imekatika, 26 Aprili. Raili hakupiga simu.
Barafu bado. Raili kapiga. Ana mafua.

Nilishuka safu nzima polepole.
Jina langu lilikuwa huko, kwenye barafu,
si kwenye siku za kuzaliwa.

Leo, baba. Saa tano na robo. Nimeandika.
"Kwenye ipi?"
Yako.
Akafumba macho, kama aliyepokea chenji na kuikuta sawa.

Kikokotoo, hata hivyo, natumia kile kilichokuja na mashine.
Saba mara nane haibadiliki kwa kubadilisha fundi.
Najua angesema nini: kwamba hakikumbuki.
Jana nilijumlisha bili zake za dawa,
nikafunga dirisha kabla ya kunakili,
ikabidi nianze upya.