Mkalimani wa Wobulenzi

Swali la kumi na saba kwenye karatasi za tume:
Nchi ikiwa na amani, je, iwe na jeshi la kudumu?
Chini yake mistari mitano ya nukta,
jibu la taifa lisizidi hapo.

Nilikodiwa siku tatu, posho na soda,
kufasiri Kiganda kwa Kiswahili na kukirudisha,
maana mjumbe mmoja alitoka Arua
na Kiganda masikioni mwake kilikuwa mvua juu ya mabati.
Mvua yenyewe pia ilikuwepo.
Tulikaa darasa la nne. Ubaoni mtoto alikuwa ameacha
saba mara nane, sawasawa na,
kisha kengele, nadhani.

Kyeyune wa kinu cha kahawa alisimama kwanza.
"Mizani yangu," alisema, "hukaguliwa kila mwaka.
Mtu wa serikali huja na mawe yake ya shaba;
asipogonga muhuri, sipimi hata debe moja.
Jeshi nalo lipelekwe Bungeni kila mwaka:
buti ngapi, risasi ngapi, midomo mingapi.
Mwaka ambao halikugongwa muhuri,
liwe kama mizani yangu, chuma tu."
Watu wakacheka, wakakubali. Nikaandika.

Murjani, sajini mstaafu, alitoka Bombo kwa baiskeli.
Pasi ya suruali yake ingekata mkate.
"Babu yangu aliletwa huku na bunduki begani,
hakupewa hata ekari. Kazi tulirithi moja.
Mkituvunja Ijumaa, Jumamosi tutakula nini?
Na mtamwogopa yupi zaidi,
askari mwenye mshahara
au yule aliyekuwa nao juzi?"
Hakuna aliyecheka. Nikaandika.

Kisha Nalongo Nantume, ambaye hakusimama.
Aliniomba nisifasiri kwa sauti,
nimnong'oneze mjumbe sikioni,
kwa sababu lugha hii iliingia nyumbani kwake mara moja tu,
usiku, na maneno yake yalikuwa machache:
Fungua. Lala chini. Panda gari.
Mumewe alipanda.
"Hadi leo hajashuka."
Jeshi halitaki, la kudumu wala la kupita.
Vita vikija, ipigwe ngoma ya gwangamujje,
twende sote, wenye mapanga na wenye michi,
na vikiisha kila mtu arudi akapalilie.

Nikanong'ona. Kalamu ilikuwa nzito.
Mimi nilizaliwa ndani ya lugha hii,
Jinja, nyumba za kiwanda cha nguo,
baba wa Soroti, mama wa Busia,
kitanda kimoja, Kiswahili katikati.
Lala, aliniimbia mama, lala.
Lala yake na lala ya kizuizini
zinaandikwa kwa herufi zilezile.
Nilitaka kumwambia Nalongo hivyo.
Kwa Kiganda ningeweza. Sikumwambia.

Saa tisa tulipumzika. Mlangoni askari wetu,
kijana wa Kitgum, ndevu bado ahadi,
alifungua soda kwa meno.
"Dada, wameandika nini juu yetu?"
"Mpimwe. Mlipwe. Mwende nyumbani."
Akafikiri. "Barabara ya nyumbani imefungwa,
na sisi ndio tuliofunga."
Nikamuuliza jina, niliweke kwenye maoni mengine.
Askari hana maoni, alijibu,
bila uchungu, kama mtu anayetaja namba ya kiatu.

Mvua ikarudi kwa nguvu. Nalongo alikuwa uani,
gomesi yake imeanza kuloa mabegani.
Mlango ni mmoja na kijana alikuwa ndani yake.
Akahamishia bunduki upande wa pili,
akaubana mwili ukutani.
"Pita, mama."

Alisimama palepale, maji yakimtoka kidevuni.
Akanitazama mimi, si yeye.
Nikafungua mdomo.
Akaniinulia kiganja ninyamaze,
kisha kwa mkono uleule
akashika pindo la gomesi.