Kesho ya Fundi

Magomeni Mapipa nzima inanijua kwa neno moja.
"Kesho," nawaambia, pini zikiwa mdomoni,
neno linatoka limepinda kidogo, lakini wanalielewa.
Kesho gauni. Kesho kaptula ya shule.
Kesho shela, mama, si harusi ni Jumamosi?
Nimekula kesho za watu miaka ishirini na sita
na sijawahi kuvimbiwa.

Juu ya kichwa changu kuna rafu.
Vitambaa vimelala huko, kila kimoja na kikaratasi chake:
jina, kifua, kiuno, tarehe.
Wino wa tarehe ndio hufifia kwanza.
Kuna batiki ya mtu aliyehamia Songea.
Kuna kaki ya mtoto ambaye sasa ana ndevu,
hupita hapa na bodaboda yake, hupiga honi, hajui.
Na kulikuwa na lasi ya kijani, yadi nne,
ya Bi Sikujua binti Mwinyikondo.

Huyo hakunisumbua. Yeye ndiye aliyeniambia mimi kesho.
"Ngoja kwanza, fundi, nipungue."
Kisha ngoja paa la Chanika lipande.
Kisha ngoja Shomari amalize chuo, nitaivaa kwenye mahafali.
Shomari akamaliza. Mama mtu akaenda na dera.
Kila Idi alikuja, akaishusha lasi, akaipapasa
kama anayemsikiliza mtoto homa kwa kiganja,
akairudisha juu mwenyewe.
Vumbi nililipangusa mimi.

Jumanne moja ya mwezi wa nne, mvua imekata punde tu,
alikuja ameshika viatu mkononi
na bahasha ya Ocean Road kwapani.
Hakuifungua. Hakuniambia imeandikwa nini.
Alisema, "Nishonee."
Nikasema, mdomo huu, Mungu ausamehe,
"Kesho."
Akacheka mpaka akashika nguzo.
"Kesho, fundi? Ya nani?"
Akakaa kwenye benchi.

Nikampima upya. Futi ilimzunguka kifua
ikabakiza mkia mrefu mkononi mwangu.
Alikuwa amepungua, kama alivyotaka.
Ile namba sikuiandika.

Saa saba umeme ukakatika.
Nikaivuta charahani ya miguu ya marehemu baba,
nikaitia mafuta, ikalia kwanza
kama inayodai malimbikizo ya mshahara.
Yeye anakula mihogo ya kukaanga na chachandu,
vidole anavilamba mbali na lasi,
ananisuta kila mshono ukienda upande.
Alasiri ilipoadhiniwa nilikuwa kwenye upindo.
Magharibi haijafika, akatoka nyuma ya pazia.

Nilidhani atakwenda kupiga picha.
Alikwenda sokoni kununua mchicha.
Lasi ya kijani, yadi nne, katikati ya madimbwi,
mkono mmoja umeinua upindo, mwingine umebeba fungu,
na wauza nyanya wakinyamaza mmoja mmoja.
Jumatano aliivaa tena. Aliivaa kumenyea vitunguu.
Ikapata doa la binzari kifuani, wala hakulisikitikia.
Ilipofumuka kwapani aliileta
nikaishona akiwa ameivaa, tumesimama, tunabishana bei.

Kilichofuata mnakijua. Sitakishona hapa.

Jana nimeishusha rafu yote.
Songea nimepiga simu, amepokea mtu mwingine.
Chini kabisa, nyuma ya mkebe wa vifungo,
kitenge cha Chausiku. Mke wangu.
Karatasi ina mwandiko wangu wa ujana:
kiuno ishirini na nane, "Idi hii".
Haisemi Idi ipi.
Mke wa fundi, miaka yote hiyo, mteja wa mitumba ya Ilala.

Nikamwita. Akaja na unga mikononi.
"Simama hapo."
"Kuna nini?"
"Simama tu."
Kiuno thelathini na saba.
Nikakata.