Swadi na Sini

Kwenye fomu ya mahakama ya kadhi, hapa Chake,
mstari wa saba una neno moja, Suluhu,
na mbele yake vinukta.
Mwaka wa kumi na tisa huu navijaza.

Leo Bi Time Shaame kavifunika kwa kidole.
"Karani, neno hili maana yake nini?
Maana redioni, Gombani wakikosa kufungana,
husema suluhu bin suluhu,
na watu hurudi makwao wamenuna."

Faki, kaka yake, kicheko kikamponyoka.
Tangu matanga hawajacheka chumba kimoja.

Mikarafuu mitatu ya baba yao, Mgelema:
mwanamume miwili, mwanamke mmoja.
Kwenye karatasi hesabu imetimia,
ila huo mmoja umeoza moyo,
msimu uliopita ulitoa pishi tatu, nusu makonyo.

Nikamjibu kwa nilivyofunzwa chuoni
na mwalimu aliyetuchapa kwa ajili ya herufi:
suluhu ina swadi, nene, hujaza kinywa;
silaha ina sini, nyembamba, hupenya menoni.
Huko zilikotoka hazijuani.
Kwetu zimevua viatu mlangoni,
zikakalishwa mkeka mmoja, kwa s moja,
basi ukitamka kwa hasira
hujui umeshika ipi.

Asili yake ni kufaa:
kilichoharibika kikafaa tena.
Na ndugu yake, tumbo moja, ni maslahi.
Kila amletaye mmoja hapa
kamficha mwenziwe chini ya buibui,
au mfukoni mwa kanzu.

Faki akautazama mfuko wake.

"Bibi yetu hakuwa na swadi," kasema Bi Time.
"Alituambia patanani, basi.
Pata ni ya mtu peke yake.
Mimi nadai hiyo na ya mwisho."

Feni ikazunguka. Kadhi hajaingia bado.
Faki akasema, kwa sauti ya kumwambia ukuta,
"Tuchume yote mitatu pamoja.
Jamvi moja. Tugawe kwa pishi, si kwa miti."

Nikaandika. Vinukta havikutosha,
nikapanda ukingoni, nikakaribia muhuri.
Bi Time akanitaka nimsomee, polepole,
akasikiliza hadi nukta.

"Vyema," akasema.
"Na za msimu uliopita?"

Nikachovya tena kalamu.