Mdomo Kushoto

Usianze na rangi, Limi.
Rangi hudanganya. Hapa Kayenze wote wamevaa tope,
wote wana weusi wa chai iliyosahauliwa jikoni.
Lishike gamba hivi, ncha juu,
mdomo wake ukutazame.
Haya, umefunguka upande gani?

Kulia. Huyu hana neno.
Tena ana mlango, ona,
kigamba chembamba kama ukucha wa kichanga.
Ukimgusa anajifungia.
Mrudishe kwenye jiwe lake.

Huyu niliyemchota majarubani, nyuma ya mawe,
mdogo kuliko punje ya hindi:
kushoto.
Hana mlango. Apitaye huingia.
Na huyu bapa, aliyejizungusha kama ngata ya ndoo,
hana ncha ya kuelekeza popote.
Naye hana mlango. Mtie chupani.
Andika: kumi na mmoja. Andika na saa.

Siku ya kwanza kufundishwa hivi nilicheka.
Kushoto! Mkono tusioupokelea kitu.
Nikadhani nimepata wa kumlaumu.

Maana kaka yangu Nkwabi na wenzake
walikuwa wakipanga mstari juu ya jabali lile
wakishindana kukojoa mbali,
na mwenye mkojo mwekundu alishangiliwa:
amekuwa mwanamume.
Mimi nilikuwa chini, nasugua sufuria kwa mchanga,
nikaona wivu.
Nakuambia kweli, niliona wivu
wa ile damu.

Alipofika Bugando alikuwa na miaka thelathini na minne.
Daktari alichora kibofu nyuma ya bahasha,
akachora na konokono pembeni,
vibaya sana, kama kitunguu chenye pembe.
Mama akaiweka bahasha ile ndani ya Biblia. Ingalimo.

Miaka tisa sasa nageuza magamba kwenye mwanga,
na chuki imenichoka.
Konokono hakualika mtu.
Kilichomwingia kilitoka kwetu,
kinampasua ini, kinatoka mchana jua likiwa kali,
kinarudi kututafuta.
Yeye nyumba tu. Nyumba isiyo na komeo.

Unaninyooshea jingine. Tupu, jeupe, limeshakufa.
Ncha umeiweka juu bila kuambiwa.
"Kushoto, shangazi?"
Kushoto, mwanangu. Umejua.

Halafu natazama chini ya mkono wako,
chini ya pindo la sketi ya shule.
Limi,
viatu vya mpira nilivyokupa viko wapi?