Debe la Saba

Asubuhi Mwalimu Ndahani wa uchumi
alichora mistari miwili, ikakatana.
"Hapo," akasema, "ndipo bei ilipo."
Nikanakili. Chaki ilipukutika kama unga wa uwele.

Saa nane, ukumbi uleule,
upepo wa Chimwaga ukitikisa vioo,
Mwalimu Nyemo wa falsafa hakufuta ubao.
Aliizungushia ile nukta duara, akauliza:
"Nani alifunga gunia?"

Darasa likacheka.
Mimi nilimwona shangazi Mbeleje, sokoni Kibaigwa,
akishona lumbesa kwa kamba ya katani,
debe sita mwilini, la saba kilemba,
na mnunuzi hilo la saba halihesabu.

Nina madaftari mawili na kalamu moja.
La kwanza linajua debe ni shilingi ngapi.
La pili bado linauliza debe ni nini,
na wino unavuja kutoka hili kwenda lile,
sijui niulaumu upande gani.

Shangazi hana daftari.
Jana usiku alituma ada kwa simu,
na chini yake maneno haya:
*Imepungua kidogo, mwanangu.
Kilemba kimekwenda na lori.*